Jinsi nilivyolinganisha kifaa changu cha INR na majibu ya maabara

Tangu niwekewe vali bandia ya mitro, mojawapo ya milango ya moyo, natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na daktari anataka INR yangu, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, iwe kati ya 2.5 na 3.5. Dada yangu anayeishi Ujerumani, ambako wagonjwa wengi hujipima wenyewe nyumbani, aliponiletea kifaa cha CoaguChek, kinachosoma INR kwa tone la damu ya kidole, washauri walijitokeza kila upande. Mmoja alitaka nipunguze 0.5 katika kila jibu la kifaa. Mwingine alisema nisikiamini kabisa, kwa kuwa maabara haikosei, na huyo ndiye aliyeniudhi zaidi.

Nilichofanya ni kubeba kifaa kwenye mkoba na kujichoma kidole nikiwa bado kwenye benchi la maabara, mara tu baada ya kutolewa damu mkononi. INR hupanda na kushuka kwa dozi, kwa dawa nyingine na hata kwa sahani ya kisamvu, kwa hiyo majibu ya damu za siku mbili tofauti hayawezi kulinganishwa. Majibu yote mawili niliyaandika kwenye daftari moja, na kwa kawaida yalitofautiana kidogo tu: kifaa 3.1, maabara 2.9.

Kisha ikaja siku ambayo kifaa kilisoma 3.0 na maabara ikaleta 4.7. Nikashauriwa niache dawa kwa siku kadhaa, jambo ambalo kwa mtu mwenye vali kama yangu linaweza kuleta donge la damu. Lakini wakati natolewa damu nilikuwa nimeona, na nakiri kwamba mimi ni mtu wa kuchunguza mambo ya watu, kwamba ile chupa ya kifuniko cha buluu haikufika kwenye mstari wake. Ndani yake mna sitrati, kemikali ya kuzuia damu isigande chupani, sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Damu ikipungua, sitrati inazidi, na damu huonekana inachelewa kuganda kuliko ilivyo kweli. Niliomba kwa adabu wanitoe damu upya. Mtaalamu alinitazama kama mwanafunzi aliyemsahihisha mwalimu, akajaza chupa mpaka kwenye mstari, na jibu likawa 2.9.

Yule wa kupunguza 0.5 sikumfuata hata siku moja. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha vifaa hivi chenyewe kinavumilia tofauti ya hadi asilimia 30 INR ikiwa kati ya 2.0 na 4.5, katika majibu 9 kati ya 10, na tofauti yenyewe huweza kwenda juu au chini.

Kifaa kikisoma juu ya 4.5 naenda maabara siku hiyo hiyo, na mwenye upungufu mkubwa wa damu au kingamwili za fosfolipidi, zinazoweza kuvuruga vipimo vya kuganda kwa damu, amuulize daktari kabla hajakinunua. Vipande vya kupimia, vile vinavyochomekwa kwenye kifaa, ni ghali, kama laki tatu kwa kopo, na tone la kwanza liwekwe upesi bila kukamua kidole, la sivyo kipande kimepotea bure.