Binti yangu, nyanya za gengeni na neno "mara"

Binti yangu alipokuwa Darasa la Tatu alizijua tebo zote, ya pili hadi ya kumi na mbili. Alizikariri nyuma ya daftari na kuziimba na wenzake njia nzima wakitoka shule. Nilijivunia sana. Jioni moja tulikuwa gengeni kwangu, nikamwambia, "Mwanangu, hizi nyanya ni ishirini na nne. Nikizipanga nne nne, nitapata mafungu mangapi?"

Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Mama, hilo ni la kujumlisha au la kuzidisha?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Mtoto ana majibu yote kichwani, ila hajui ni majibu ya nini.

Nilianza kwa kukosea. Nilimwongezea tebo. Kila usiku namsimamisha, namuuliza saba mara sita, naye anaanza kule mwanzo, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, mpaka afike. Akikosea namgombeza. Baada ya wiki mbili akawa anaficha daftari akiniona. Hapo nikaacha kabisa.

Nikamwachia kazi ya kupanga mafungu. Wakati ule fungu la nyanya 4 nauza shilingi 500. Anapanga, mimi nahudumia wateja, hesabu haitajwi. Siku zilipopita nikamwomba aniambie anachokifanya kwa mdomo. "Naweka nne, naweka nne, naweka nne..." Nikampa karatasi aandike hivyo hivyo: 4+4+4+4+4+4. Akalalamika kwamba ni ndefu. Nikamuuliza, "Umeweka nne mara ngapi?" Akahesabu: "Mara sita." Nikamwambia aandike 4 × 6. Akaniangalia, akasema taratibu, "Nne... mara sita."

Nakumbuka uso wake. Neno "mara" tunalo kila siku: nimekuita mara tatu, dawa hii kunywa mara mbili kwa siku. Kwenye tebo lilikuwa mlio tu wa wimbo. Hata mimi niliyesoma zamani sikuwahi kulisikia kama neno lenye maana yake.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Nilichukua trei ya mayai, ile ya mayai 30. Ukiitazama upande huu ina mistari 5 ya mayai 6, ukiigeuza ina mistari 6 ya mayai 5. Mayai hayajaongezeka wala kupungua. Kwa hiyo ukijua 5 × 6, umeshaijua 6 × 5. Tukachora jedwali la 1 hadi 10 na kufuta yanayojirudia. Tukafuta na yote yenye 1, 2, 5 na 10, maana hayo alishayaelewa. Yakabaki 21 tu ya kujifunza. Mtoto aliyekuwa akiliogopa jedwali la vyumba 100 akaona kazi iliyobaki inaenea kwenye kipande cha karatasi.

Kugawanya ndiko kulikotuchelewesha. Nilidhani ni rahisi, maana hata mdogo wake wa miaka mitano anajua kugawana karanga: moja yako, moja yangu. Lakini 12 ÷ 3 ina vitendo viwili ndani yake. Ndimu 12 wapewe watoto watatu, kila mmoja anapata 4. Au ndimu 12 zifungwe tatu tatu, yanapatikana mafungu 4. Jibu ni lile lile ila mikono haifanyi kitu kimoja. Kwenye la kwanza unajua watu ni wangapi, hujui kila mmoja atapata ngapi. Kwenye la pili unajua fungu lina ngapi, hujui mafungu yatakuwa mangapi. Binti yangu alilijua la kugawia watu tu, ndiyo maana nyanya zangu zilimshinda siku ile.

Tulifanya yote mawili kwa ndimu zile zile, jioni baada ya jioni, na kila mara namuuliza, "Hizi nne ni nne gani? Ndimu au mafungu?" Swali hilo moja lilimsaidia kuliko maelezo yangu yote. Alipoanza kulijibu bila kusita, nilimwandikia 4 × 6 = 24 na kufunika kwa kidole. Nikifunika 24, anazidisha. Nikifunika 6, anagawanya. Akaona mwenyewe kwamba ni nyanya zile zile.

Baki nayo aliipata pale pale. Nyanya 26 zikifungwa nne nne, mafungu ni 6 na zinabaki 2. Kwetu zile 2 ni za mteja anayesema "Mama, niongezee." Ila nikampa na hili: watu 26 wanakwenda harusini, bajaji moja inabeba abiria 3, zinahitajika bajaji ngapi? Akasema nane, baki mbili. Nikamuuliza, "Hao wawili tunawaacha barabarani?" Akafikiri, akasema tisa. Baki ya nyanya unaweza kumpa mteja, baki ya watu inataka bajaji yake.

Juzi yeye ndiye aliyeniuliza mimi: nyanya 12 zikifungwa sifuri sifuri, mafungu mangapi? Sikumjibu. Nilimwambia ajaribu. Akaweka fungu lisilo na kitu, akaweka jingine, akaangalia zile 12 pale pale zilipo. "Mama, hii haiishi."

Bado 7 × 8 inamsumbua, anaichanganya na 6 × 9. Siku hizi anaanzia 7 × 4 ambayo anayo, 28, kisha anaiweka mara mbili. Inamchukua muda kidogo, na mimi namsubiri.