Dole la Bibi

Juzi mwanangu kaokota hati yangu ya mshahara, akaanza kusoma makato kwa sauti. "Mama, HESLB ndiye nani? Mbona kila mwezi yumo?" Nikamjibu ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, inakata asilimia 15 mpaka deni liishe. Lakini mimi akili ilishakwenda Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12, mwaka 2012.

Nilitaka kusoma sheria chuo kikuu. Wenzangu walikuwa wanahesabu miaka mitatu ya ualimu, mimi minne. Fomu ya mkopo nimeshaichapa steshenari, mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri, bado mdhamini tu. Wa kumwendea alikuwa mmoja.

Bibi alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Nikifa watanidai kaburini?"

"Hapana bibi, watanidai mimi."

"Sasa dole langu la nini?"

Mwanasheria mtarajiwa nikakosa jibu. Akacheka, akafuta mkono kwenye kanga, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza. Alipoliinua, karatasini palikuwa na doa jeusi tupu, halina hata mstari. Akarudia pembeni. Doa. Miaka ya kuchana ukindu na kukuna nazi ilikuwa imelisugua dole likabaki laini kama kokoto ya pwani. Akaligeuza juani, akalitazama kama si lake. "Waambie limekwishia kwenye kulea." Kisha akashika ukili wake, na ule mkeka ukabaki na alama nyeusi pembeni.

Nilihofia fomu itarudishwa. Haikurudi. Bodi ikanilipia sehemu ya ada, na bumu, ile pesa ya kujikimu, likitoka nasi tunakula kuku, likichelewa, maharage. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ile ya kulinda thamani ya fedha, sikuijua mpaka nilipoajiriwa nikakuta deni limevimba. Sheria ya mikataba nilikuwa nimefaulu vizuri tu! Serikali ilipoifuta tozo hiyo 2021, nilikaa kitandani nikapiga hesabu upya mara tatu.

"Kwa hiyo bibi hakulipa?" mwanangu akauliza.

Nikasema hakudaiwa hata senti. Na ni kweli. Ila mkopo wangu uliishia chuo kikuu, na huwi wakili bila kupita mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Ada ya huko nilichangiwa na ndugu. Bibi alileta ya kwake imefungwa kwenye pindo la kanga, na niliporudi likizo ule mkeka wenye doa haukuwepo tena barazani. Sikumuuliza.