Siku Niliyopakizwa na Mama Mkwe

Jumamosi iliyopita tulikuwa Tarime kwenye kipaimara cha mwanawe mdogo wangu, na huyo mdogo wangu akatuaibisha. Au akajipatia heshima, inategemea unamuuliza nani. Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwembe, mwenye shughuli kabisa, kikombe cha chai mkononi, mara akasikia sauti ya mama mkwe wake getini. Hakuaga. Aliruka benchi, chai ikammwagikia mjomba suruali, akatokomea migombani. Hatukumwona tena mpaka yule mama alipopanda bodaboda jioni.

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika: huyu kalelewa. Binti yangu yeye alicheka mpaka soda ikampalia. Kwenye basi la kurudi Mwanza, tumeshaipita Lamadi, nikidhani kalala, akauliza, "Baba, na wewe ulimkimbia Grosi?"

Grosi ni bibi yake wa Uswisi. Mimi nikajifanya natafuta simu mfukoni. Mama yake alikuwa ameegemea dirisha, mabega yanamtetemeka kwa kicheko, akajibu bila kugeuka: "Hakumkimbia. Walikimbia pamoja."

Basi tangu hapo siku ile hainitoki kichwani. Ilikuwa Februari 2013, Grindelwald, kijiji cha wakwe zangu huko Uswisi, nyuzi 12 chini ya sifuri, na mimi nimevaa makoti mawili ya kuazima.

Mambo ya stesheni nayapita haraka. Treni ya kutoka Interlaken ilisimama, mlango ukafunguka, na kabla sijaitoa ile salamu ya Kijerumani niliyoikariri ndege nzima, mama mkwe alishanibusu mara tatu: kushoto, kulia, kushoto. Ndivyo wanavyosalimiana. Wewe uliyekulia kwetu unajua kwamba mama mkwe hata mkono humpi. Mkikutana njiani kila mtu anatafuta ukingo wake, na chakula hamli pamoja. Mimi nimepigwa busu tatu, mchana kweupe, mbele ya watalii waliokuwa wanapiga picha mlima.

Mlima wenyewe ni Eiger, mita 3,967, umesimama juu ya kijiji kama ukuta wa nyumba ambayo fundi alisahau madirisha. Baba mkwe, mtu wa maneno machache, alinisahihisha kupitia kwa mke wangu: madirisha yapo. Treni inapita tumboni mwa mlima ule hadi stesheni ya Jungfraujoch, mita 3,454, tangu 1912, na katikati ya mwamba walitoboa tundu za kuchungulia. Niliitikia tu. Akili yangu ilikuwa kwenye hesabu ya viti vya gari: nani anakaa wapi ili mimi nisigusane na nani.

Na yule mzee tulikuja kuelewana zizini. Ng'ombe wao wakati wa baridi hawatoki, wanakula nyasi zilizokatwa na kukaushwa kiangazi. Mwezi wa Juni wanapandishwa malishoni juu, Septemba wanateremshwa na kengele shingoni na maua vichwani kama mabibi harusi. Malisho ya Grindelwald yamegawanywa kwa ushirika saba, na haki ya kulisha ng'ombe huko ni mali, watu wanairithishana. Hapo nikaona sasa tunaongea lugha moja, nikajipa moyo nikaulizia mahari. Alifikiri. Akalitazama zizi lake lilivyojaa. Akajibu kwamba nikimletea ng'ombe hatakuwa na pa kuwaweka. Ndiyo mahari yangu iliishia hapo, na baba yangu mzazi mpaka leo anaona nimemuibia mtu.

Siku ya pili mama mkwe akaamua twende Bussalp. Ni moja ya hayo malisho saba, kwenye mita 1,800 hivi. Agosti nimewahi kurudi pale, ni majani matupu na kengele za ng'ombe na wazee wenye fimbo wanaotembea kwa miguu kwa raha zao. Ila Februari yote ni nyeupe hadi macho yanauma. Basi lilijaa watu wenye vigari vya mbao mapajani. Wenyewe wanaviita Schlitten: mbao ngumu juu, vyuma viwili chini, kamba mbele. Breki hakuna. Breki ni visigino vyako. Wenye roho ngumu wanakiburuta kigari kwa miguu hadi kilele cha Faulhorn, mita 2,681, wanateleza kilomita 15 mpaka kijijini. Sisi tulikuwa tunaanzia katikati, kwa kunionea huruma.

Kwanza tukala. Makaroni na viazi sahani moja, cream, jibini, vitunguu vya kukaanga, na pembeni tofaa zilizopondwa, tamu. Wanga juu ya wanga, na tunda juu yake. Sikulalamika, kwa sababu kila mtu alikuwa na sahani yake na mimi nilikuwa nimewahi kiti cha mwisho kabisa cha meza, watu watatu kati yangu na mama mkwe. Nilikula vizuri. Nilidhani nimeshapata ujanja wa kuishi pale.

Tukatoka nje. Tulikuwa watu watano. Baba mkwe akapanda Velogemel yake, ambayo ni baiskeli ya mbao yenye vipande vya kutelezea mahali pa magurudumu, kitu walichokibuni hapohapo Grindelwald mwaka 1911. Akaondoka bila neno, miguu imeinuliwa, koti linapepea. Mke wangu akampakiza mtoto wa kaka yake, wakaondoka wakipiga mayowe. Kikabaki kigari kimoja. Tukabaki mimi na mama mkwe.

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na migomba.

Alikaa nyuma, akakanyaga huku na huku, akapiga kofi ubao uliobaki mbele yake. "Chumm," akasema. Ndiyo "njoo" ya kwao, na kwa sauti ile hata mbwa asiyejua Kijerumani angekuja. Nikaonyesha kwa mikono kwamba mimi nitatembea tu. Akaonyesha barabara, akaonyesha jua lilivyoinama, akapiga ubao tena.

Nikakaa.

Anayeongoza hukaa nyuma, kwa sababu miguu yake ndiyo usukani na ndiyo breki. Kwa hiyo mabuti ya mama mkwe yalikuwa kulia na kushoto kwangu kama kuta mbili, na mikono yake ikapita kwapani mwangu kuikamata kamba. Nilikunja mabega hadi masikioni. Naapa, kama ningeweza kukaa juu ya kigari kile bila kukigusa ningefanya hivyo. Nilikuwa nawaza bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, anatazama kutoka huko aliko.

Kisha dunia ikaondoka. Mwanzoni ni mlio wa vyuma tu, kama mtu anapasua kitambaa kirefu kisichokwisha. Theluji laini ikaanza kunirukia usoni, machozi yakatoka yakaganda. Miti ya misonobari ikapita, kibanda kikapita, mtu aliyeegesha kigari akifunga kamba ya buti akapita. Kwenye kona mama mkwe alichomeka kisigino, tukazunguka vizuri kabisa, na nyuma ya sikio langu nikasikia anaimba. Mtu mzima, miaka 61, anaimba.

Kona ya tatu alipiga kelele jambo. Baadaye niliambiwa alisema inua miguu. Mimi nilielewa funga breki. Nikachomeka visigino vyote viwili kwa nguvu zangu zote za Tarime.

Kigari kilisimama. Sisi hatukusimama.

Nilitua kifudifudi kwenye theluji hadi kiunoni, kichwa ndani. Kimya. Ndani ya theluji kuna rangi ya bluu, hilo sikulijua. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa kama nimeumia. Niliwaza nimemuua mama mkwe. La pili, na naona haya kuliandika, niliwaza jambo hili litahitaji mbuzi wangapi.

Nilipojichomoa nikamwona. Amelala chali, kofia imeruka, nywele nyeupe zimemtawanyika, haonyeshi dalili ya kuinuka. Tumbo linapanda na kushuka. Nikatambaa hadi karibu. Alikuwa anacheka, kicheko kile kisicho na sauti, cha mtu aliyeishiwa pumzi. Akanyoosha mkono hewani, glavu imejaa theluji, akangoja.

Ule mkono ndio ninaoukumbuka kuliko yote. Ulikaa pale juu. Sijui ni sekunde ngapi, mimi niliona ni wiki. Nyuma yake Eiger, na jua la jioni limeshika ncha peke yake. Aliacha kucheka, akanitazama, mkono bado uko juu, na machoni mwake nikaona kama anajua kabisa ninachopigana nacho na ameamua kuningoja. Au huenda mgongo ulikuwa unamuuma tu.

Nikaushika. Nikamwinua. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia.

Njia iliyobaki tulishuka bila kusema. Nami niliinua miguu kila alipoguna.

Jioni ikaja fondue, na nikagundua kwamba mchana ulikuwa mazoezi tu. Kwa asiyejua: ni sufuria nzito ya udongo juu ya jiko dogo la moto katikati ya meza, ndani jibini aina mbili, Gruyère na Vacherin nusu kwa nusu, zimeyeyushwa kwenye divai nyeupe, na sufuria imesuguliwa kitunguu saumu. Kila mtu ana uma mrefu. Unachoma kipande cha mkate, unachovya, unakoroga, unakula. Sufuria moja. Wote. Na mama mkwe kanivutia kiti pembeni yake, "hock ab," kaa.

Mke wangu akaniongezea na sheria: ukidondosha mkate ndani, kuna adhabu, na kwenye nyumba ile adhabu ilikuwa kumbusu aliye pembeni yako. Sijawahi kushika uma namna ile. Kila kipande nilikichoma kwenye ganda, ncha zikatokea upande wa pili, nikachovya kama mtu anayetegua bomu. Dakika ishirini nikashinda.

Kisha mama mkwe akadondosha wake.

Meza nzima ikapiga kelele. Mtoto akapanda juu ya kiti. Yule mama akanigeukia, mimi nikatazama mkate unavyozama, masikio yanawaka. Akasema neno moja kwa mumewe. Akashika kisu, akaivuta sufuria, maana jibini ilikuwa imekwisha, akaanza kukwangua chini. Ikatoka sahani ya kahawia, nyembamba, imekauka, inanukia kama kitu kilichotaka kuungua kikaghairi.

Ukoko. Ukoko mtupu! Kwetu wa ugali, kwao wa jibini.

Kwa desturi huwa wanaugawana wote, vidogo vidogo. Siku ile aliuweka wote kwenye sahani yangu, akatamka jina lake: Grossmutter. Nikamtazama mke wangu. "Bibi," akatafsiri. "Ule ukoko unaitwa bibi." Mtoto akaanza kulia kwamba hakupewa.

Niliula wote, peke yangu, mama mkwe ananitazama hadi chembe ya mwisho. Busu halikutajwa tena.

Nilimuuliza mke wangu usiku ule kama alikuwa amemwambia mama yake habari za wakwe wa kwetu. Alisema alimwandikia yote kabla hatujaja, ukurasa mzima. Miaka miwili baadaye, tukiongea mengine, akasema hapana, hakuwahi, aliona ni mambo ya kumtisha mtu bure. Sasa ya kweli ni ipi? Kama alijua, ule mkono hewani ulikuwa nini? Ubabe? Ukarimu? Na kama hakujua, kwa nini alinipa ule ukoko badala ya busu? Kumuuliza mwenyewe siwezi. Ni mama mkwe wangu.

Anakuja Desemba. Binti yangu ameshapanga tumpeleke Tarime akaone Krismasi ya kwetu, na mdogo wangu keshauliza kwa simu, kwa sauti ya chini, kama yule wangu naye inabidi akimbiwe.

Mama yangu anazijua habari za jibini, za ng'ombe na za treni inayopita ndani ya mlima. Habari ya kile kigari haijui. Dada zangu, najua mnasoma humu. Nyamazeni.