Pipi ya embe bichi, Mumbai hadi Surat

Chenji hana. Muuza chai nje ya stesheni ya Mumbai Central alinirudishia pipi mbili badala ya rupia mbili, akamgeukia mteja mwingine. Sikushangaa; madukani kwetu Mombasa nimeshapewa pipi kwa chenji mara nyingi tu. Nikazitia mfukoni, nikamkimbilia shangazi aliyekuwa akilinda mabegi.

Tulikuwa tunakwenda Surat kununua vitambaa, kama kilomita 260 kaskazini. Treni ilipopita Vile Parle, mtaa ulioipa jina kampuni ya Parle iliyoanza kutengeneza pipi hapo mwaka 1929, nikazikumbuka zile zangu. Hizi si za Parle. Ni Pulse, za rupia moja moja, zilizoingia sokoni 2015, na karatasi yake imechorwa embe bichi.

"Shangazi, onja."

"Sukari yangu unaijua, mwanangu. Niache."

Nikala peke yangu. Mwanzoni hamna kitu: utamu mwingi, uchachu kidogo, embe la kubahatisha. Nikasema moyoni, ndiyo hii wanayoisifu? Nikaifyonza taratibu, maghorofa yakaisha dirishani, mashamba yakaanza. Mara ganda likatoboka. Unga uliofichwa ndani ukamwagika ulimini, chumvi na viungo, mkali! Taya zikanikaza, jicho moja likafumba lenyewe. Nikajiona niko nje ya geti la shule ya msingi, nimeshika embe bichi lililochanwa na kupakwa chumvi na pilipili, vidole vimelowa, kengele imeshalia.

Mama mmoja wa Kigujarati aliyekaa mkabala nasi alikuwa ananingojea muda wote. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya sari, kisha akachakura mkobani akanipa ya pera. Harufu yake nzuri, lakini haifikii ile ya embe. Akanipa na ya chungwa. Ya chungwa ni pipi ya chungwa, basi.

Tukikaribia Surat, shangazi akaninyooshea kiganja bila kunitazama.

"Nusu tu. Nusu hainiui."

Nikamwambia haigawanyiki, ina unga ndani. Hakunisikiliza. Akaiweka kati ya meno ya mbele, akaing'ata kwa nguvu zake zote, na unga wote ukamwagikia buibui.