Mtu wa Tanga katika vilima vya Kampala

Mtu aliyekulia Tanga huhamia Kampala na imani moja potofu, kwamba anajua kuendesha baiskeli. Kwetu, kutoka Ngamiani hadi Raskazone, ardhi imelala kama mkeka, na baiskeli ya marehemu baba aina ya Swala, isiyo na gia yoyote, ilinifikisha kila mahali bila jasho la maana. Nilipopanga chumba Nsambya na kujaribu kupanda kilima cha Kibuli kwenda kusali Ijumaa kwa baiskeli ya kuazima, nilifika nikiikokota, watu wanavaa viatu watoke.

Baiskeli ya Raleigh niliyonayo sasa niliikuta Katwe, kwa wafua majiko na mageti, ikisubiri kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Kilichonivuta ni habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, nene kuliko kawaida. Nilipoifuta kwa kitambaa yakajitokeza maandishi ya Sturmey-Archer, watengenezaji wa habu zenye gia, herufi AW ambazo ni jina la muundo wake, na namba 58 3, maana yake ni kwamba ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, mwezi Machi 1958, Uganda ikiwa bado haijapata uhuru wake wa 1962. Mle ndani zimo gia 3 za mwendo, na cheni hairuki popote. Zinaundwa na magurudumu ya meno: katikati kuna gia ndogo ya meno 20 iliyoshikamana na ekseli, ambayo haizunguki kamwe; inazungukwa na gia nyingine 4 za meno 20 kila moja, na zote zimekumbatiwa na pete yenye meno 60 upande wa ndani. Nguvu ya miguu ikiingilia kwenye pete na kutokea kwenye kibebeo kinachoshika zile gia 4, mwendo wa gurudumu hupungua kwa robo, na hiyo ndiyo gia ya kwanza, ya mlima. Ikiingilia kwenye kibebeo na kutokea kwenye pete, mwendo huongezeka kwa theluthi, na hiyo ni gia ya tatu. Gia ya pili hupitisha nguvu moja kwa moja, kama baiskeli ya kawaida.

Haya yote niliyafahamu baada ya kuharibu. Niliifungua habu, nikaiosha kwa mafuta ya taa hadi chuma kikang'aa, kisha, kwa busara zangu za Tanga, nikaishindilia grisi kila mahali. Kesho yake pedeli zilizunguka na gurudumu likatulia kimya. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, mwenyeji wa Busia, mji ambao ni miongoni mwa iliyolizaa neno bodaboda enzi abiria walipovushwa mpakani kwa baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akanijibu "jambo", maana huku salamu hiyo wengi huijua kwa masikio tu. Alipochungulia ndani alitikisa kichwa.

"Mwanangu, hii si beringi ya mkokoteni. Hii inakunywa oili."

Alinionyesha vidole vidogo vya chuma ambavyo hufyatuliwa na springi nyembamba kama unywele ili vishike kuta za habu. Grisi ilikuwa imevigandisha vikashindwa kuinuka. Grisi inafaa kwenye gololi za pembeni tu. Katikati hutiwa oili nyepesi kupitia kitundu chenye kifuniko, matone machache kila mwezi.

Kosa la pili liliniumiza zaidi. Kati ya gia ya pili na ya tatu pana mahali ambapo habu haishiki kitu, na waya wa kubadilishia gia ukilegea kidogo, mtu anayedhani yuko gia ya pili hujikuta yuko hapo. Nilikuwa nimesimama juu ya pedeli nikipanda kuelekea Mengo. Chuma cha juu cha fremu kilinipokea mahali ambapo sitapataja. Dawa yake ni ya dakika moja: unaweka gia ya pili, unachungulia kwenye tundu la nati ya kulia, na unakaza waya mpaka bega la kijiti chenye mnyororo mdogo, kinachovutwa na waya huo, lilingane na ncha ya ekseli.

Matairi hayakunisumbua, kwa kuwa baiskeli zinazobeba matoke hapa hutumia saizi ileile ya inchi 28. Rangi sijapaka. Nimebadilisha tu gia ya nyuma inayovutwa na cheni, kutoka meno 18 hadi 22, kwani Waingereza walioipangia hawakuwa na Kibuli mawazoni.

Siku hizi nafika msikitini mapema, nikapata na nafasi ya kutawadha. Habu hii hulia tiki-tiki katika gia ya pili na ya tatu, lakini katika ya kwanza hunyamaza kabisa, ndiyo maana wauza rolex, chapati zinazokunjwa na mayai, walio chini ya mlima hunisikia ninapokuja, ila nikianza kupanda hawanisikii tena.