Ninavyopata nyimbo za zamani za kunukuu kwenye riwaya bila kukanyaga hakimiliki

Mhusika wangu anapotakiwa kuimba, naanza na mwaka wa hadithi, wimbo unafuata. Hadithi ikiwa ya 1912, natafuta nyimbo zilizochapishwa kuanzia 1900 hivi, maana watu huimba walichokizoea zaidi ya kilichotoka juzi. Ukianza na wimbo unaoupenda, ukaomba Mungu uwe huru, yaani hakimiliki yake iwe imekwisha, utapoteza wiki nzima.

Enzi hizo nyimbo ziliuzwa kama karatasi za nota, na karatasi hizo ndizo ushahidi wako. Ninakotegemea zaidi ni mkusanyo wa Lester S. Levy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, halafu Maktaba ya Bunge la Marekani. Zote ziko wazi kwenye intaneti. Uzuri wa Levy ni kwamba unaweza kutafuta kwa mada, au kwa mstari wa kwanza wa kiitikio, hata kama jina la wimbo hulijui. Andika simu, treni au mwezi, uone. Ila jiandae: nyimbo nyingi za miaka ya 1890 na 1900 zimejaa dharau kwa watu weusi, kuanzia jalada hadi kiitikio. Kuwa huru kisheria hakuufanyi wimbo ufae.

Usiridhike na jalada. Fungua ukurasa wa kwanza wa nota, tazama chini kabisa: mstari wa hakimiliki huwa hapo, mara nyingi kwa tarakimu za Kirumi. MCMVIII ni 1908.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, hadi mwisho wa mwaka. Nyimbo za 1929 zilikuwa huru tarehe 1 Januari 2025. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70 baada ya mtunzi kufariki, na maneno na muziki vikiwa vimetungwa kwa ajili ya wimbo mmoja, anayehesabiwa ni aliyefariki mwisho. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka angalau miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimebaki hapo.

Chukua Show Me the Way to Go Home, wimbo wa Kiingereza wa 1925. Kwenye karatasi mtunzi ni Irving King. Ukitafuta mwaka aliofariki Irving King utazunguka bure, kwa sababu hilo ni jina la bandia la watu wawili, James Campbell na Reginald Connelly. Connelly alifariki 1963, Campbell 1967. Kwa hiyo Marekani wimbo uko huru tangu 2021, lakini Uingereza umefungwa hadi mwisho wa 2037. Kitabu kikiuzwa mtandaoni kinafika kote kuwili, kwa hiyo mimi hufuata hesabu iliyo kali zaidi. Danny Boy haina shida hiyo: Frederic Weatherly, mwenye maneno, alifariki 1929, na lahani aliyoyapachikia ilikuwa imeshachapishwa 1855.

Maneno nanakili kutoka kwenye picha ya karatasi, neno kwa neno. Tovuti za mashairi ya nyimbo sizigusi kwa kazi hii. Nyingi huandika kilichosikika kwenye santuri ya baadaye, pamoja na ubeti alioongeza mwimbaji, na ubeti huo una hakimiliki yake. Mfano mzuri wa ubeti uliobadilika baadaye ni Take Me Out to the Ball Game, wimbo wa Kimarekani wa besiboli. Ubeti wa 1908 unamtaja Katie Casey. Jack Norworth, mwenye maneno, aliuandika upya 1927, msichana akawa Nelly Kelly. Kisheria Marekani yote mawili sasa ni huru, lakini mhusika wa 1915 akimwimba Nelly Kelly, msomaji anayejua atakifunga kitabu. Kiitikio hakikubadilika, ndiyo maana kosa hilo hupita kirahisi.

Rekodi ni kitu kingine kabisa. Wimbo unaweza kuwa huru huku santuri yake bado inalindwa. Hilo halikuhusu hadi utakapotaka kuweka sauti kwenye kitabu cha kusikiliza. Hapo afadhali uimbishe upya.

Kwa riwaya ya Kiswahili kuna hatua moja zaidi: tafsiri. Ukitafsiri mwenyewe, tafsiri ni yako. Ukichukua ya mwingine, hata ikiwa imezoeleka kanisani au shuleni, unaanza hesabu upya kwa mtafsiri. Mimi hutafsiri mistari miwili au minne, basi. Ukurasa mzima wa wimbo bila lahani humchosha msomaji.

Kila wimbo una faili lake: picha ya ukurasa wenye mstari wa hakimiliki, kiungo cha maktaba, miaka ya kufariki watunzi wote, na mwaka wa kuwa huru kwa kila hesabu. Mhariri akiuliza, namtumia faili hilo, na mara nyingi harudi na swali la pili.