Ukijua kitu cha kahawa, kiandike wenzako wasome

Wadau wa Moshi, mi naamini ukijifunza kitu kiandike kwa Kiswahili cha kawaida ukitume, huwezi jua nani anakihitaji. Mfano kahawa, kuna chule buni inayoharibu matunda na kuna kutu ya majani, TaCRI, ile taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, pale Lyamungu walishatoa miche chotara inayohimili magonjwa yote mawili, sasa mzee wa Kibosho asiye na bwana shamba karibu atajuaje kama sisi tunaojua tumekaa kimya? Na mkituma picha za kutu pigeni chini ya jani jamani, ule unga wa njano unakaa huko. Ndugu zangu wa Mbinga, nyie kivuli mnapanda nini? Huku kwetu kahawa inakaa chini ya migomba, nataka sana kujua.